Picha za Mbuzi Hazijafika

Hampstead, London
9 Novemba 1963

Mdogo wangu Una,

Salamu kwanza, malalamiko baadaye. Huku tupo. Magoti yananisumbua, ngazi za nyumba hii zimerefuka tangu marehemu mume wangu Edmund aniache nazo, na paka ameamua kulala ndani ya kikapu cha barua za watoto, kwa hiyo hakuna mtoto anayejibiwa mpaka yeye aamke. Ukungu wa wiki hii ni mchafu kiasi kwamba unauonja kwenye mkate.

Jumamosi walinipeleka Croydon kufungua maktaba ya watoto. Meya akanitambulisha kuwa mama wa watoto wa nchi nzima, mimi ambaye sikuzaa hata mmoja. Nikakata utepe, nikala keki kavu, nikasaini vitabu mpaka kidole kikavimba. Mtoto mmoja akaniuliza, "Bibi, hivi Kapteni Ndevu atakufa lini?" Mama yake akamfinya. Nikamwambia hata mimi sijui, na sikudanganya, maana wewe na mimi tunajua mbuzi yule haendeshwi na mimi.

Sasa neno lenyewe. Picha hazijafika. Kila mwaka, kabla Septemba haijaisha, posta wananiletea bahasha yako kubwa imefungwa kwa kamba, ndani yake mbuzi wetu na kofia yake ya mkuu wa stesheni, kajiingiza kwenye mashaka mapya, na wewe huandiki hata neno moja la maelezo. Mimi nazitandaza kwenye meza ya chakula, nazizunguka siku kadhaa na kikombe cha chai, mpaka naanza kumsikia anasema nini. Hivyo ndivyo vilivyozaliwa vitabu vyote kumi na tano. Pettifer wetu, mchapishaji, mpaka leo anaamini kwamba mimi naandika kwanza halafu wewe unapamba, na wewe ndiye uliyesema tumwache aamini hivyo, kwa sababu hutaki kushikwa mkono na watu usiowajua.

Sasa ni Novemba na meza yangu haina kitu. Pettifer anapiga simu kila Jumatatu. Nimemwambia nipo sura ya nne. Una, hata ya kwanza sina. Zimepotea njiani, au bado?

Dada yako akupendaye,
Isobel


Swaledale, Yorkshire
30 Novemba 1963

Dada,

Barua nimepata. Pole na magoti. Kuna mafuta ya farasi ambayo watu wa huku wanajipaka, yananuka lakini yanasaidia.

Sisi tuko salama. Kondoo wameshushwa kutoka mlimani. Kanisani wamebadilisha mpiga kinanda, sasa tunaimba polepole zaidi, kama vile tulikuwa na haraka. Maji ya bomba yaliganda mara moja, yakayeyuka. Bwana Metcalfe, mleta barua wetu, anakusalimu. Anasema mwambie Bibi mwandishi kwamba mbuzi wa kweli hawezi kuvaa kofia dakika mbili, ataila.

Picha hazijapotea. Bado. Mwaka huu mvua imekuwa nyingi na mwanga mdogo.

Usishangae mistari yangu kupanda mlima. Nimenunua kalamu mpya na ina tabia mbaya.

Una


Hampstead
17 Desemba 1963

Una mpenzi,

Krismasi njema kabla ya Krismasi. Nimekutumia kikapu kutoka lile duka la Piccadilly: jibini, biskuti, chai nzuri, nyama ya kopo, na chupa ya mvinyo mtamu ambayo najua utajifanya huitaki. Hakina sababu yoyote. Nilipita tu dukani.

Juzi nilihojiwa redioni. Sijui kama huko kwenu redio inashika. Yule kijana aliniuliza maswali yaleyale, naamka saa ngapi, naandika kwa kalamu au kwa mashine, mawazo yanatoka wapi. Nikamjibu kwa mazoea. Nimechoka na majibu yangu mwenyewe, Una. Nikijisikia naongea naona kama namsikiliza mwanamke mwingine, mchangamfu kupita kiasi, na natamani mtu amnyamazishe.

Sitakuuliza kuhusu picha. Pumzika, kula jibini.

Isobel


Swaledale
8 Januari 1964

Dada,

Heri ya mwaka mpya. Asante kwa kikapu. Mimi si mgonjwa. Sijui nani amekwambia ninahitaji kupelekewa chakula. Kama ni mke wa mchungaji, mwambie ashughulike na bomba la moshi la nyumba yake.

Jibini lilikuwa zuri, nilimgawia Metcalfe. Mvinyo siutaki. Umebaki nusu.

Theluji imefika kwenye madirisha ya chini. Watu wanasema serikali itaifunga reli yetu na stesheni itauzwa. Sitaki kuliongelea.

Una


Hampstead
20 Februari 1964

Mdogo wangu,

Nimekaa na barua yako wiki kadhaa kwa sababu sikujua niijibu vipi. Hakuna aliyeniambia kitu. Kikapu kile nilikutumia kwa sababu nilidhani umekasirika. Sasa naona nimekuudhi zaidi. Tumezeeka sote wawili na bado tunarushiana chakula badala ya kuongea, kama mama na shangazi Maud walivyokuwa wakitumiana maandazi ya zabibu miaka yote ile waliyokuwa hawasemezani.

Basi naongea. Una, umekasirika? Ni yale mahojiano ya redioni? Nilisema "dada yangu anachora vizuri", na nilipotoka nje nikajisikia vibaya, maana nilisema kama mtu anayesifu mapazia ya mwenzake. Kama ni hilo, nitukane, halafu tuendelee. Kukaa kimya ndiko kunakonimaliza.

Nikuambie hali yangu ilivyo, bila kutia chumvi. Kila asubuhi nakaa mezani kwa sababu ndiyo kazi yangu. Naandika, "Siku moja Kapteni Ndevu". Halafu nangoja. Siku moja Kapteni Ndevu alifanya nini? Simwoni. Miaka yote nimeitwa mtunzi, na sasa nimegundua kwamba nisipooneshwa sina la kusema. Napika chai, narudi, yupo palepale, hana miguu.

Pettifer amechoka kungoja. Hakuniambia ana kwa ana, si mtu wa hivyo. Alinialika chakula cha mchana, akaniagizia samaki, akazunguka maneno mpaka vikaletwa vitamutamu, ndipo akasema kuna binti mmoja, Gillian, ametoka chuo cha sanaa, ana adabu sana na anawapenda mbuzi. Amechora picha chache "za majaribio tu". Nikakubali kwa shingo upande nizipeleke nyumbani. Nimezitandaza mezani. Mbuzi ana afya, kofia imekaa sawa, nami simsikii kabisa.

Labda tatizo ni mimi. Nimekuwekea humu moja, ile nzuri kuliko zote. Itazame, uniambie ukweli kama ulivyozoea. Kumbuka mwaka ule kampuni ya sabuni walipochora mbuzi wao kwenye matangazo, uliniandikia kurasa tatu kuhusu magoti ya nyuma peke yake. Nataka kurasa tatu.

Isobel


Swaledale
14 Machi 1964

Dada,

Sijambo. Theluji imeyeyuka, njia ni tope tupu. Mwana-kondoo wa kwanza amezaliwa kwa jirani.

Sijakasirika. Redio sikuisikiliza, huwa naifungua kwa ajili ya habari za hali ya hewa tu. Maneno ya mapazia usiyawaze, mapazia mazuri ni kitu cha maana.

Picha nimeiona. Ni nzuri. Mbuzi amekaa vizuri. Ndevu labda nzito kidogo, lakini binti ana mkono. Mpeni kazi.

Mimi mwaka huu sitachora. Nimechoka tu, hakuna zaidi. Umri. Usiandike kuniuliza.

Una


Hampstead
16 Machi 1964

Una,

Leo sina salamu. Magoti ni yaleyale.

Barua yako ilifika asubuhi. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Una wangu, tangu tuzaliwe hujawahi kusifu mbuzi wa mtu mwingine. Nikasema labda kweli amechoka, labda uzee umemlainisha. Nikaenda kumwaga majani ya chai. Nilipoinua bakuli la sukari nikaikuta picha ya Gillian chini yake, imekunjwa, imepata na doa la chai.

Sikukutumia picha. Nilikutumia karatasi ya mfagia dohani, msafisha bomba la moshi, ile ya mistari mitatu inayosema atakuja Jumanne asubuhi na tafadhali tufunike viti. Zilikuwa pamoja mezani, zote zimekunjwa, nikatia isiyo yenyewe kwenye bahasha kwa haraka ya kuwahi posta. Hiyo ndiyo uliyoitazama ukaniambia mbuzi amekaa vizuri.

Nimelia jikoni mpaka paka akaondoka.

Tangu lini? Nani anajua? Barua zangu unazisoma vipi? Hiyo mistari inayopanda mlima, nami nikaamini habari za kalamu! Nimekuwa mjinga kweli. Nimekaa huku nikihesabu makosa yangu, redio, mapazia, kikapu, nikiamini kila kitu kinanihusu mimi, na wewe uko peke yako kwenye nyumba ile yenye ngazi za mawe.

Ulisema nisiandike kukuuliza. Nakuuliza. Jibu, au nitapanda treni nije.

Isobel


Swaledale
9 Aprili 1964

Dada,

Hii anaandika Bwana Metcalfe, mimi nasema. Ameapa kutotia neno lake. Anakunywa chai yangu na ameacha baiskeli mlangoni, kwa hiyo kijiji kizima kitapata barua zake mchana.

Samahani nimechelewa. Nilipokea yako kwa wakati. Nilimwambia airudie mara mbili, halafu nikamfukuza. Tangu vuli yeye ndiye anayenisomea, hapo mlangoni. Zako anazisoma vibaya sana. Siku ile alisoma, akaniwekea karatasi mapajani ikiwa imekunjwa, akaenda zake. Niliifunua. Niliona weupe, na pembeni kama kuna wino. Sikutaka kumwita arudi. Nikasema, picha ya mbuzi ni picha ya mbuzi, ndevu zao vijana huwa wanazizidisha siku zote. Nimecheka sana habari za mfagia dohani. Nimecheka siku ya pili, siyo ya kwanza.

Yalianza mwaka juzi. Daktari wa Darlington amenipa jina la ugonjwa, nimelisahau makusudi, na akasema hakuna dawa. Si giza, Dada, usiniwazie giza. Pembeni naona. Katikati ndipo pameondoka. Nikitazama ukuta naona mwisho wa ukuta. Nikimtazama mtu naona masikio. Nikimtazama mbuzi wa jirani naona nyasi na mkia, na pale mbuzi anapotakiwa kuwepo hakuna kitu.

Septemba nilijaribu. Nilichora kumi. Metcalfe aliokota moja sakafuni akaniuliza, "Bi Una, huyu ni kondoo au ni mwenyekiti wa halmashauri?" Nikazichoma zote.

(Bibi, ni mimi Metcalfe. Sikujua wakati ule. Ningejua nisingesema vile. Ameniruhusu niandike hili.)

Kwa nini sikukuambia. Kwanza, ungekuja na blanketi na tiketi mbili, ungenipeleka London nikakae karibu na kikapu cha paka. Mimi nitafia huku. Hilo si la kujadili.

Pili ndiyo hasa. Nilijua wewe bila picha huandiki. Kabla ya Februari hukuwahi kuniambia, lakini mtu akitumiwa mbuzi kila Septemba miaka yote hiyo na yeye hatumi hata wazo moja, unajua. Nilihisi nikisema macho yangu yamekwisha, nitakuwa nakuambia na wewe umekwisha. Nikaona bora unifikirie mkali. Ukali wangu umeuzoea.

Metcalfe anauliza kama aendelee. Nimemwambia atulie.

Kuna jambo jingine, na hili hakuna anayelijua. Vitabu vyote kumi na tano viko kwenye rafu iliyo juu ya kabati la vyombo. Sijavisoma. Vikifika nafungua, natazama kama picha zimechapwa vizuri, nafunga. Cha kwanza kabisa nilisoma ukurasa mmoja. Mbuzi akaanza kuongea kwa sauti yako. Kesho yake nilipotaka kumchora alinigomea, akawa anafanya ulichosema wewe badala ya anachotaka yeye. Nikaapa sitasoma tena, ili awe wangu mpaka anapofika posta, na kutoka hapo awe wako. Ilitufaa. Nilikuwa nasema nitavisoma vyote siku nikiacha kuchora, nikikaa karibu na moto na miguu juu.

Sasa nimeacha kuchora, na siwezi kuvisoma.

Metcalfe amejitolea kunisomea, lakini yeye anasoma kila kitu kama anasoma anwani. Nami sitaki kumsikia Kapteni Ndevu kwa sauti ya Metcalfe. Nataka kujua ulimsemesha nini miaka yote hii. Nilipokuwa nachora nilikuwa najua anasema nini, kila picha, neno kwa neno. Nataka kujua kama ulimsikia.

Usinipeleke popote. Njoo ukae. Treni bado ipo.

Una


Hampstead
11 Aprili 1964

Mdogo wangu, na salamu kwa Bwana Metcalfe anayekusomea hii (soma polepole, Bwana Metcalfe, na vua kofia),

Sileti blanketi. Tiketi nimekata moja, ya kuja. Paka anakwenda kwa jirani, amekubali kwa dharau.

Nimemwambia Pettifer hakuna kitabu cha kumi na sita. Nilimwambia wazi, kabla hata ya supu. Akasema watoto watasikitika. Nikamwambia watoto wanavyo kumi na tano, wakimaliza waanze upya, ndivyo watoto wanavyosoma hata hivyo. Akaniuliza nimeanza lini kuumwa. Nikamweleza kila kitu, Una. Nilimwambia ni mkono wa nani ulioanza kila kitabu. Akauliza kama hilo linaweza kutangazwa gazetini, nami nikamwambia hapana, dada yangu hapendi kushikwa mkono. Binti Gillian nimemwandikia mwenyewe. Nimemwambia atafute mnyama wake, amchore kwanza, maneno yatafute njia yao.

Nilidhani nitahuzunika. Nimelala usingizi ambao sijaupata tangu Novemba.

Vitabu nimevifunga vyote, hata kama unavyo, kwa sababu vyangu nimezoea kurasa zake. Nitakusomea kuanzia cha kwanza, kila jioni kitabu kimoja, au nusu, tukichoka tuache. Nitakwambia na picha iliyopo kwenye kila ukurasa, ingawa najua utanikatiza kwamba unaijua.

Sasa nikuambie ukweli. Nimevisoma hivi mbele ya madarasa, mbele ya maaskofu, kwenye kumbi ambazo watu wamesimama mpaka nje. Jana jioni nilifungua cha kwanza nijizoeze. Ni ile picha amesimama peke yake stesheni, mvua inamnyeshea, anatazama upande ambao treni haitoki. Watu hunisifu sana kwa maneno niliyoyaweka pale. Nilisoma kwa sauti sentensi moja, nikaona uso wako, nikafunga kitabu.

Kwa sababu wewe unajua alichosema. Niliandika nilichodhani nimesikia, na katika miaka yote hii hakuna mtu ambaye angeweza kuniambia nimekosea isipokuwa mmoja, na huyo hakusoma.

Nikiwa nimemkosea, usinionee huruma. Niambie.

Nafika Alhamisi kwa treni ya mchana. Naogopa, Una.

Dada yako,
Isobel